Shajara ya mradi: Kuweka vifaa vya bweni la wanafunzi 40 Moshi kwa bidhaa zilizotengenezwa Tanzania

Mradi ni wa bweni la wasichana 40, Moshi mjini. Lengo ni kwamba kila kifaa kinachopatikana kikiwa kimetengenezwa nchini kinunuliwe cha nchini, na kisichopatikana kiandikwe wazi kimetoka wapi. Ukomo wa fedha ni shilingi milioni 14 kwa vifaa. Chakula kina hesabu yake. Shajara hii inawekwa ili kamati ya shule, hosteli au zahanati nyingine ianzie hapa tulipofika. Bei zote ni za jumla, pamoja na VAT pale ilipotozwa.

8 Septemba 2025: Kukubaliana maana

Kabla ya kununua hata sindano, kamati ilikwama kwenye swali moja: godoro lililotengenezwa Arusha kwa kemikali kutoka nje ni la Tanzania au si la Tanzania? Jibu linategemea unamuuliza nani. Kanuni za Uasili wa Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 zinakubali, kwa baadhi ya bidhaa, malighafi za nje zifike hadi asilimia 70 ya bei ya kiwandani, na bidhaa ikahesabiwa kuwa ya nchi mwanachama. AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000, uliruhusu nguo iliyoshonwa Tanzania kwa kitambaa cha Asia iingie Marekani bila ushuru kama nguo ya Tanzania. Marekani hiyo hiyo, kwa bidhaa zake yenyewe, haimruhusu mtu kuandika "Made in USA" bila sharti iwapo bidhaa si ya huko yote au karibu yote. Kwa hiyo maneno "Imetengenezwa Tanzania" yanaweza kuwa ya kweli kisheria na bado yasikuambie pamba ililimwa wapi.

Suluhisho lilikuwa kuacha jibu la ndiyo au hapana. Kila bidhaa inaandikwa kwenye daftari lenye safu nne: malighafi kuu imetoka wapi, kazi inayokibadilisha kitu imefanyika wapi, kimefungashwa wapi, na mwenye chapa ni nani. Kisha inapewa daraja:

A: malighafi kuu na kazi vyote ni vya hapa.
B: malighafi ni ya nje, ila kazi inayozaa kitu kipya imefanyika hapa.
C: kitu kimekatwa, kimeshonwa, kimeunganishwa au kimefungashwa tu hapa.
D: kimeingia kikiwa tayari.

Bidhaa za Kenya, Uganda na nchi nyingine za Jumuiya zinawekewa alama ya J pembeni. Huku Kaskazini alama hiyo inahitajika mno. Holili ni mwendo mfupi kutoka Moshi, Namanga ndiyo njia ya Arusha, na mzigo wa Kenya usiozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha uasili. Sabuni, daftari na majarini ya Kenya vinakaa rafu moja na vya kwetu na mara nyingi vinauzwa kama vya kwetu. Si bidhaa mbaya, ila si hizo tunazozitafuta.

C haidharauliwi. Fundi cherehani wa Majengo anayeshona kitambaa cha nje analipwa hapa na anakula hapa. Inatengwa na B ili tujue hasa fedha inabaki wapi.

15 Septemba: Msimbopau haukufaa kama kipimo

Jaribio la kwanza lilikuwa la haraka: kuskani ile mistari, ikianza na 620 basi ni ya Tanzania. Watu wengi wanafanya hivyo dukani, na haifanyi kazi. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ofisi ya GS1, shirika la kimataifa linalotoa misimbopau, iliyomsajili mwenye chapa: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya, 890 ni India, 690 hadi 699 ni China, 600 na 601 ni Afrika Kusini. Hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Mfanyabiashara wa Arusha aliyesajiliwa anaweza kuagiza vikombe kutoka nje na kuvibandika 620 yake. Kiwanda cha hapa kinachomtengenezea kampuni ya nje kitachapa msimbo wa kampuni hiyo. Msimbo unaoanza na 2 ni wa ndani ya duka lenyewe, kama nyama iliyopimwa supamaketi, na hausemi lolote kuhusu nchi.

Kikwazo cha pili ni kwamba bidhaa nyingi za mafundi na wazalishaji wadogo wa hapa hazina msimbo kabisa. Mafuta ya alizeti ya mashine ndogo, masweta ya kufuma na vitanda vya chuma vya fundi havina kitu cha kuskani. Ukiishika njia hii utawatupa nje hao hao uliokusudia kuwanunulia.

Msimbo unafaa kwa jambo moja dogo, nalo ni kugundua namba ya kubuni. Tarakimu ya 13 ni ya ukaguzi. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12, kisha zidisha kwa 3. Unganisha hizo mbili, na kinachopungua kufika kumi inayofuata ndiyo tarakimu ya mwisho. Mfano: 620123456789 inatoa 26, na 27 mara 3 ni 81, jumla 107, kwa hiyo ya mwisho lazima iwe 3. Ikiwa kwenye pakiti ni nyingine, msimbo huo ulichorwa kama pambo, na hapo hata maneno mengine ya lebo yanatia shaka.

27 Septemba: Maneno ya lebo, na nembo ya TBS

Baada ya msimbo kushindwa, tulisoma maneno kwenye bidhaa zilizopo madukani mjini na soko la Mbuyuni. Kitenzi ndicho cha kutazamwa, maana bendera mtu yeyote anaweza kuichora.

"Manufactured by" au "Imetengenezwa na", pamoja na jina, mtaa na S.L.P., ndilo neno lenye uzito. "Packed by" ni kufungasha tu. "Distributed by" na "Imported by" ni wauzaji. "Manufactured for" maana yake mwenye jina hakutengeneza, ametengenezewa, na aliyetengeneza hakutajwa. "Designed in" ni mchoro tu, bidhaa ni habari nyingine. "Made in P.R.C." ni China, Jamhuri ya Watu wa China, na wanunuzi wengi hupita bila kuitambua. Jina la Kilimanjaro, Serengeti au Meru, picha ya twiga au rangi za bendera havithibitishi chochote.

Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, nayo inachanganywa. Inathibitisha kuwa bidhaa imekidhi kiwango, haikusudiwi kueleza nchi. Isitoshe, nchi za Jumuiya zinatambuliana nembo za ubora, kwa hiyo bidhaa yenye nembo ya KEBS ya Kenya au UNBS ya Uganda inauzwa hapa kihalali. Faida kubwa ya nembo ya TBS kwetu ni namba ya leseni, kwa kuwa leseni ina jina la mzalishaji na mahali anapozalishia. Uliza namba hiyo, kisha ihakiki TBS. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Kwa vyakula na vipodozi huko ndiko kwenyewe pia, kwa sababu kazi hiyo ilihama kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS mwaka 2019.

Mjasiriamali mdogo asiye na nembo asikataliwe papo hapo. Wanaopitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupata barua ya utambulisho na huhudumiwa na TBS bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ombeni kuona barua au hatua aliyofikia. Aliye kwenye mchakato ataonyesha karatasi. Asiye kwenye mchakato atakuambia, "Hiyo inakuja mama, usiwe na wasiwasi."

Kwa maji na soda kazi ni rahisi zaidi: programu ya TRA (Mamlaka ya Mapato) iitwayo Hakiki Stempu inasoma stempu ya kielektroniki kwenye chupa.

11 Oktoba: Magodoro na vyandarua, Arusha

Magodoro ndiyo sehemu ya soko ambako bidhaa ya ndani inashinda bila kubebwa, na sababu yake ni ya kimaumbile. Sponji ni hewa. Kuisafirisha kutoka nje ikiwa tayari ni kulipia kontena la hewa. Kwa hiyo kemikali mbili kuu, polioli (polyol) na TDI, zinakuja kwenye mapipa, zinachanganywa hapa, mchanganyiko unaumuka kama unga wa mandazi, unakaa hadi upoe, kisha unakatwa. Tanfoam ya Arusha iko kwenye kazi hiyo, na vipo viwanda vingine nchini. Daraja B, na ni B ya nguvu.

Tatizo lilikuwa uzito wa sponji. Magodoro mawili ya futi 2.5 kwa 6, unene inchi 6, yalionekana pacha, bei zikiachana kwa shilingi 14,000. Lebo zote mbili ziliandika "High Density" bila namba. Maneno hayo peke yake hayapimiki. Kinachopimika ni kilo kwa mita ya ujazo, na mizani ya kuning'iniza ya shilingi 25,000 inatosha. Godoro la ukubwa huo lina mita za ujazo 0.212. Ukitoa uzito wa kitambaa cha juu, sponji ya kilo 18 kwa mita ya ujazo itapima kilo 3.8, ya 20 itapima 4.2, ya 25 itapima 5.3. Lile la bei ya chini halikufika hata kilo 3.2. Chini ya mtu mzima, sponji nyepesi hivyo hubonyea katikati mapema, na godoro unalolibadilisha kila mwaka ni ghali hata kama limetengenezwa mtaa wa pili.

Marekebisho: oda iliandikwa kwa kilo, siyo kwa jina. "Futi 2.5 x 6 x inchi 6, sponji isiyopungua kilo 20 kwa mita ya ujazo, yatapimwa matano kwa kubahatisha wakati wa kupokea." Muuzaji aliyekubali sharti hilo kwa maandishi ndiye aliyepewa kazi. Pima godoro likiwa kavu na limekaa nje ya nailoni angalau saa chache, kwa sababu lililobanwa linahitaji kurudi umbo lake kabla hujapima unene.

Vyandarua vilitoa fundisho la upande wa pili. Lebo ina jina la Olyset na la Sumitomo Chemical, kampuni ya Japani. Mtu wa haraka angeandika D. Lakini A to Z Textile Mills ya Arusha inatengeneza Olyset tangu 2003: plastiki ya polithini inachanganywa na dawa ya permethrini, inavutwa kuwa nyuzi, inafumwa na kushonwa hapa hapa. Teknolojia na chapa ni za nje, kazi ni ya Arusha. Daraja B. Chapa ya kigeni isikufanye uruke mstari wa "Manufactured by".

Angalizo moja: chandarua kilichochapwa kuwa si cha kuuzwa ni cha mgao wa umma. Usikinunue hata kikiwa cha bei ya kutupa.

Gharama: magodoro 40 kwa 78,000, jumla 3,120,000. Vyandarua 40 kwa 11,500, jumla 460,000. Lori dogo Arusha hadi Moshi 180,000.

25 Oktoba: Vitanda

Dabodeka 20, zimechomelewa Moshi. Mabomba ya mraba ya inchi 1.5 yanatoka viwanda vya Dar es Salaam, na chuma chake kimeingia nchini kikiwa mabamba ya kukunjwa. Daraja B.

Kasoro iliyojitokeza ni geji, yaani unene wa chuma cha bomba. Bomba lililouzwa kama geji 16 lilipimwa kwa vernia, kifaa cha kupimia unene, likatoa milimita 1.2, ambayo ni geji 18. Geji 16 ni milimita 1.6. Kama huna vernia, pima uzito: bomba la mita 6 la milimita 1.6 lina kilo 11 hivi, la 1.2 lina kilo 8.3. Tofauti hiyo utaisikia hata mkononi. Pima ndani ya duka kabla risiti haijatoka, kwa sababu bomba likishakatwa halirudi. Tulibadilisha duka na oda ikataja milimita badala ya geji. Kila kitanda kiliongezeka shilingi 35,000, na hakuna mahali ambapo fedha hiyo ingefaa zaidi ya chini ya mtoto aliyelala juu.

Ukubwa wa ndani wa fremu: sentimita 78 kwa 185, ili godoro liingie bila kukunjwa. Gharama: 20 kwa 230,000, jumla 4,600,000. Vernia 35,000.

8 Novemba: Viatu, masweta na shuka

Hapa ndipo lebo zilipodanganya zaidi, na ndipo tulipotumia muda mwingi.

Viatu kwanza. Moshi ina bahati: kiwanda cha Kilimanjaro International Leather Industries kipo Karanga, ubia wa Jeshi la Magereza na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na ngozi ya ng'ombe wa hapa inaweza kusindikwa na kushonwa ndani ya mkoa. Kwa sababu hiyo hiyo, sokoni kila kiatu cheusi kinaitwa "ngozi ya Karanga", hata kisicho na ngozi. Jina lililogandamizwa kwenye soli au kwenye ngozi lina uzito kuliko stika, kwa kuwa muhuri na kalibu ni gharama kutengeneza, stika si gharama. Baada ya jina, pima ngozi yenyewe. Tazama ukingo uliokatwa, pale kwenye ulimi: ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana kote, ya bandia ina kitambaa kwa chini na utando laini juu yake. Bonyeza kwa kidole gumba, ngozi inatoa mikunjo midogo inayotawanyika. Tone la maji lililokaa upande wa ndani litazama na kuacha doa jeusi, kwenye ya bandia litateleza.

Sampuli kutoka karakana moja ndogo zilifaulu ngozi zikaanguka soli. Ziliwekwa ndani ya maji usiku mzima, zikakaushwa kivulini, kisha zikakunjwa mara nyingi mkononi. Gundi iliachia upande wa mbele. Ngozi haikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa uso wa ngozi ambao haukukwaruzwa vya kutosha kabla ya kupakwa gundi. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kazi nzuri, kwa hiyo hatukuviacha: karakana ilikwaruza upya, ikapaka gundi mara mbili na kuiacha ikauke kabla ya kugandamiza, na fundi akapiga mshono wa kuzunguka soli kwa shilingi 2,000 kwa jozi. Sampuli za pili zilipita maji bila kuachia. Ukinunua cha ndani una faida hii ambayo kontena halikupi: aliyekosea yuko umbali wa bodaboda, na anarekebisha.

Soli zenyewe ni za malighafi ya nje. Daraja A kwa ngozi na kazi, B kwa soli, na daftari linabeba yote mawili.

Masweta yanafumwa kwa mashine za mkono mjini hapa. Nyuzi ni akriliki ya nje. Nchi yake haipo kwenye sweta, ipo kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya koni ya uzi, kwa hiyo omba kuona koni kabla haijatupwa. Agiza kwa uzito: sweta la saizi ya kati lisipungue gramu 350. Mfumaji anayebana uzi hulegeza mfumo, na sweta linaning'inia baada ya kufuliwa.

Kilichotushtua ni shingoni. Masweta ya mfano yalikuja na lebo za hariri zilizosema "Made in Italy". Hakukuwa na nia mbaya: lebo hizo zinauzwa kwa bando kwenye maduka ya vifaa vya cherehani, pamoja na vifungo na zipu, na mafundi wengi wanazishona kama urembo. Lakini kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, maelezo ya uongo kuhusu nchi ilikotengenezwa bidhaa ni kosa. Na zaidi ya sheria, ni fundi wa Moshi anayempa Mwitaliano sifa ya mikono yake. Tulichapisha lebo zetu 200 kwa shilingi 150 kila moja: "Imefumwa Moshi, Tanzania. Uzi wa nje. Akriliki 100%." Mfumaji ameomba aendelee kuzitumia kwa wateja wengine, na kalibu ya uchapaji ameachiwa.

Tangu hapo kanuni ya mradi ni hii: lebo ya nguo iliyoshonwa shingoni haihesabiwi kuwa ushahidi. Ushahidi ni jora, koni, au kumwona fundi akishona.

Shuka zilishonwa Moshi kwa kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na poliyesta. Muuzaji alisema ni "cha Arusha". Stika ya nje ya jora iliandika upana tu. Ndani kabisa ya bomba la karatasi ambalo kitambaa kimeviringishwa, palikuwa na karatasi ya pili, imekunjamana, na maneno yake ni "Made in P.R.C." Fungua bomba, ingiza kidole. Hatukupata kitambaa cha ndani cha upana wa sentimita 150 kwa kiasi kidogo kama chetu. Inauma, kwa nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga na kuuza sehemu kubwa yake nje ikiwa haijafumwa. Daraja C.

Kabla ya kukata, fua kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa maji ya moto na ukipime tena. Chetu kilirudi 48 kwa urefu. Kwa hiyo shuka ilikatwa mita 2.6 badala ya 2.5. Kitambaa 4,500 kwa mita, ushonaji 1,800, yaani 13,500 kwa shuka.

Gharama: viatu 40 kwa 29,000 ni 1,160,000, mshono wa soli 80,000. Masweta 40 kwa 19,000 ni 760,000. Lebo 30,000. Shuka 80 ni 1,080,000.

22 Novemba: Ndoo na sufuria

Ndoo: daraja B, plastiki ghafi ya nje, kalibu za hapa. Geuza ndoo. Jina la kiwanda lililotoka na plastiki yenyewe kwenye kitako ndilo la kuaminika. 40 kwa 6,500, jumla 260,000.

Sufuria zinahitaji tahadhari. Zipo za kuyeyushwa na kumiminwa kwenye udongo, kazi ya mafundi wa hapa kabisa kwa vyuma chakavu. Kwa daraja letu zingepata A. Hatukuzichukua. Chakavu kinaweza kuwa na vipande vya injini, rangi na betri, na alumini ya namna hiyo inaweza kuingiza madini ya risasi (lead) kwenye chakula, hasa cha uchachu kama nyanya kikichemka muda mrefu. Kwa watoto wanaokula sufuria hiyo hiyo muhula mzima hilo halikubaliki. Tulichukua za kiwandani, za bamba la alumini lililosukumwa, zenye jina la mtengenezaji wa nchini kitakoni. Utazitambua: unene ni ule ule pande zote na uso hauna vitundu. Tatu kwa 95,000, jumla 285,000.

6 Desemba: Stoo ya chakula

Sukari ni A: TPC ipo Arusha Chini, karibu kabisa na mji. Cha kuangalia ni mfuko, kwa sababu mifuko yenye chapa hujazwa tena. Mshono wa kiwandani ni wa mashine, mstari mmoja ulionyooka wenye hatua sawa. Ukiona mashimo ya mshono wa zamani pembeni ya mshono mpya, mfuko umefunguliwa. Mchele, maharage na unga wa mahindi havikusumbua. Unga wa ngano uwekwe B hadi msagaji athibitishe, maana sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini inaagizwa.

Mafuta ndiyo kazi. Dumu linaloandika "mafuta ya kupikia" au "vegetable oil" bila kutaja mmea kwa kawaida ni mawese, yaliyoingia ghafi kutoka Malaysia au Indonesia na kusafishwa Dar es Salaam. Hayo ni B halali. Shida ni yanapochanganywa ndani ya alizeti na kuuzwa kama alizeti ya Singida. Jaza chupa safi ya nusu lita, iweke kwenye friji, siyo frizani, hadi asubuhi. Mawese yanaganda mabonge meupe na kutulia chini. Alizeti inabaki inamiminika. Usiikatae alizeti kwa sababu ya ukungu mwepesi: ile isiyosafishwa sana ina nta ya maganda, na nta hutia ukungu kwenye baridi. Tofautisha ukungu na mabonge.

Pima pia ujazo. Lita 20 za alizeti ni kilo 18.4 bila dumu. Dumu moja lilitoa kilo 17.1 na lilirudishwa palepale.

Alizeti ni 118,000 kwa dumu, mawese 88,000. Kwa lita moja kwa siku kwa wanafunzi 40, dumu linakaa siku 20, kwa hiyo nyongeza ni kama shilingi 38 kwa mwanafunzi kwa siku. Kamati imeipitisha.

20 Desemba: Mablanketi, na hesabu

Blanketi ndilo lililoshindikana. Yote tuliyoletewa kama ya ndani yalikosa mtengenezaji: lebo zina mwagizaji au hazina jina, na wauzaji hawakuwa na karatasi ya kiwanda. Usiku wa Moshi mwezi Juni na Julai hausubiri. Tumenunua ya nje, 40 kwa 24,000, jumla 960,000, na daftari linasema D bila kuficha.

Jumla ya vifaa, usafiri na vipimo: 13,035,000. Kati ya hizo, D ni asilimia 7 na ushee, yaani blanketi peke yake.

Risiti zote za EFD (mashine ya kodi) zimebandikwa kwenye daftari mkabala na mstari wa bidhaa, pamoja na lebo moja halisi ya kila kitu, karatasi ya koni na ile ya ndani ya bomba. Wino wa risiti hufifia, kwa hiyo zimepigwa picha siku ya kununua. Atakayenunua mwakani aanze na safu ya "mtengenezaji", apige simu kiwandani kabla ya kwenda dukani, na kwa blanketi aulize kwanza wafumaji wa masweta: wawili wamesema mashine zao zinaweza kufuma mablanketi ya vipande vya kuunganisha, na sampuli inasubiriwa Februari.